Saa Kumi na Moja Sokoni

Andiko: Mathayo 20:1–16

Jumapili mvua ilinyesha juu ya mabati mpaka wale wa nyuma hawakusikia kitu, na wengine mlinishika mkono baada ya ibada mkaniuliza, "Pasta, ulisema nini pale katikati, watu wakanyamaza hivyo?" Basi nimeandika. Pale katikati nilikuwa nakiri kosa langu. Afadhali mlisome kwa mkono wangu kuliko mlisikie kwenye stendi ya bodaboda likiwa limeongezwa chumvi.

Lakini tuanze na Neno.

Hadithi mnaijua. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta vibarua, wakapatana dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, akakuta wengine wamesimama sokoni hawana kazi, akawatuma shambani. Saa sita akafanya vivyo hivyo, saa tisa vivyo hivyo. Hapa sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati. Mzungu akisoma sura hii lazima ahesabu vidole ndipo ajue ilikuwa saa ngapi. Sisi tunaelewa moja kwa moja. Na andiko linaposema saa kumi na moja, mtu wa Kondele anaona picha kabisa: matatu zimebanana barabara ya Kakamega, mama wa samaki anachochea jiko, watu wanaanza kuelekea nyumbani Manyatta na Migosi. Siku imekwisha. Hakuna mtu mwenye akili anayeajiri kibarua saa kumi na moja.

Na bado mwenye shamba akatoka saa hiyo, akawakuta watu wamesimama. Akawauliza mbona wamesimama hapo mchana kutwa bila kazi.

Sikieni hilo swali, kwa sababu kuna watu katika kanisa hili ambao wanalisikia mpaka kwenye ndoto. Ni swali la chumba cha mahojiano: "Naona hapa umeandika ulifanya kazi mpaka Februari 2025. Halafu? Ulikuwa wapi?" Ni swali la mama mkwe kwenye simu. Ni swali la mzee wa kanisa anayekushika mkono mlangoni na kusema kwa sauti ya juu, "Ndugu, siku hizi uko wapi?" naye hajui kwamba kwa hilo swali amekuharibia ibada nzima.

Wale watu walijibu kwa sentensi moja. Walisema hakuna mtu aliyewaajiri. Basi.

Nimehubiri andiko hili labda mara kumi katika maisha yangu na kila mara nimelikimbilia lile la mwisho, la malipo sawa na wale walionung'unika. Sijawahi kusimama hapa kwenye jibu. Angalieni wasichosema. Hawakusema walikuwa na kampuni yao ndogo ya ushauri. Hawakusema kuna mtu kijijini amewafunga. Hawakumsema vibaya tajiri aliyepita saa tatu akachagua wengine. Walieleza hali ilivyo, kwa maneno ambayo hata mtoto wa Sunday school angeelewa, na mwenye shamba akawaambia waende nao. Hakuita shahidi. Hakuuliza walikuwa wamelala wapi saa sita.

Sasa niwaambie kwa nini andiko hili limenishika mwaka huu.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku tisini. Ndani ya wiki hiyo amri za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwenye miradi, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Hayo yalikuwa kwenye habari, kila mtu aliyaona. Lakini mtu wa Eldoret au wa Nyeri hawezi kuelewa vile yalivyotua hapa ziwani. Sisi Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndio tulioumizwa zaidi na ukimwi katika nchi hii, kwa hiyo ndipo miradi ilipojaa. Tangu mpango wa PEPFAR uanze 2003, kuna watu wamekua, wakaoa, wakasomesha watoto, wote kwa kazi ya vituo vya CCC: maafisa wa kliniki, washauri nasaha, wauguzi, makarani wa data, wale akina mama wa kuwafundisha akina mama wenzao, madereva. Hapa kwetu nilikuwa na benchi mbili nzima za watu hao. Wengine waliitwa kwenye mkutano saa nne asubuhi, na saa nane mchana walikuwa wanatoka getini na kikombe chao cha chai na picha ya watoto ndani ya mfuko wa karatasi.

Na sisi kanisa tulifanya nini? Nitasema ukweli. Ijumaa ile tulikesha tukikemea roho ya kukosa kazi. Mtumishi mmoja mgeni alipewa kipaza sauti, akasema kuna watu wamefungwa na madhabahu za nyumbani kwao, akawaita mbele, wakaja wakilia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikasema amina. Wapendwa, tulikuwa tunawakemea wachawi wa kijijini na kalamu ilikuwa Washington. Naamini maombi, mnanijua. Lakini dada mmoja alitoka hapo akiwa amepoteza kazi na pia amepata shaka juu ya bibi yake mzaa baba, mwanamke mzee asiye na hatia, anayepanda mihogo. Hilo la pili sisi ndio tulimpa.

Kwa hiyo ukiwa na aibu juu ya hilo pengo, anza hapo. Ulipoteza kazi, hukufumaniwa ukiiba.

Nikisema pengo, namkumbuka babu yangu. Wale mliozaliwa juzi hamjui, lakini wazee wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini. Tuliita nak. Babu alikuwa na hilo pengo, na alipocheka alifungua mdomo wote. Hakuweka mkono. Ukimuuliza angekueleza liling'olewa alipokuwa mvulana, na kwamba mtu akigonjeka taya likafunga, ni hapo hapo kwenye pengo ndipo angepitishiwa uji. (Sisemi turudi kung'oa meno, daktari wetu wa meno asiniandame.) Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa na pengo na akacheka.

Sasa kosa langu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, ndugu mmoja wa kanisa hili alikuja ofisini kwangu Alhamisi baada ya maombi ya mchana. Yeye ameniruhusu niseme haya na ameniomba nisitaje jina, na wale mnaomjua nawaomba mtulize midomo. Alikuwa karani wa data kwenye mradi mmoja, miaka saba. Mradi ulisimama Februari. Tangu hapo alikuwa ametuma maombi ya kazi mengi mpaka akaacha kuhesabu. Mara mbili aliitwa, na mara zote mbili walipofika kwenye lile swali la "ulikuwa wapi tangu Februari?" alianza kueleza, akaeleza sana, akasikia sauti yake mwenyewe inatetemeka, na mahojiano yakaishia hapo.

Akaniambia, "Pasta, nifunike. Niandikie tu kwamba nimekuwa msimamizi wa ofisi ya kanisa tangu mwezi wa pili. Hakuna mtu atakayeuliza."

Mimi namjua mke wake. Najua watoto wawili wanasoma wapi na wanadaiwa ngapi. Muhuri wa kanisa ulikuwa kwenye droo ya mkono wangu wa kulia. Wapendwa, sikuomba hata dakika moja. Niliandika barua, nikaweka sahihi, nikagonga muhuri. Nikajiambia ni huruma. Hata nikamwekea neno "mwaminifu" kwenye mstari wa mwisho.

Wiki mbili hivi zikapita. Nilikuwa pale Russia, hospitali ya Jaramogi, nimemaliza kuombea mgonjwa, natoka wodini. Simu ikalia. Ni dada mmoja, sauti ya heshima, anapiga kutoka Nairobi. "Pasta, samahani kwa kukusumbua, nathibitisha tu. Ni kweli huyu ndugu amekuwa msimamizi wa ofisi yenu kuanzia Februari?"

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mtandao ni mbaya, sikusikii," nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Mafuta ya kuombea wagonjwa bado yalikuwa kwenye vidole vyangu.

Nilitembea kwa miguu kutoka hospitali mpaka kwenye mzunguko wa Kondele, na huko njiani nilikuwa natafuta andiko la kunisaidia. Nilimkumbuka Rahabu aliyeficha wapelelezi. Nilikumbuka wakunga wa Misri. Mtu akitaka kudanganya, Biblia haikosi kumpa mtu wa kujificha nyuma yake. Lakini wale walikuwa wanaokoa watu wasichinjwe, na mimi nilikuwa naficha barua yangu mwenyewe.

Nilimpigia ndugu yangu, tukakutana kwenye kibanda cha chai chini ya lile daraja la juu. Nikamwambia dada wa Nairobi amepiga. Alinyamaza. Halafu akasema, "Pasta, ukimwambia ukweli, mimi nimekwisha. Nina kodi ya miezi miwili."

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa nilichofanya. Kama angenidanganya peke yake, angekuwa na nafasi ya kutubu peke yake. Mimi nilikuwa nimemfunga kamba pamoja nami. Kama ningepiga simu nisafishe dhamiri yangu, ningeisafisha kwa mkate wa watoto wake. Kama ningenyamaza, angeingia kazini juu ya barua ambayo siku yoyote mtu anaweza kuifungua. Na siku hizi wanafungua. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imekuta vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi kwa watumishi wa serikali, na baadhi ya hao walikuwa wamekula mshahara miaka mingi. Mtu kama huyo hupoteza kazi, na anaweza kudaiwa mshahara arudishe.

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa na mwenye kibanda akaanza kutuangalia. Mwishowe yeye, si mimi, akasema, "Leta simu." Akapiga mwenyewe. Akamwambia yule dada kwamba barua ya kanisa haikuwa sahihi, kwamba yeye ndiye aliyeiomba, na kwamba tangu Februari hakuwa na ajira. Halafu akanipa simu nami nikasema sahihi ni yangu na kosa ni langu. Dada akasikiliza. Akasema asante kwa kumwambia. Akakata.

Najua mnangoja nini. Mnangoja niseme kwamba baada ya siku tatu alipigiwa akapewa cheo kikubwa kuliko kile, tupige kelele haleluya. Hakupigiwa. Ile kazi ilikwenda kwa mwingine. Mimi nililipa kodi ya mwezi mmoja kutoka mfukoni mwangu, sio kwenye sadaka yenu, na huo ulikuwa ni wajibu, msinisifu.

Lakini Alhamisi iliyofuata tulikaa tena ofisini, na daftari la shule la shilingi ishirini. Nikamwambia, "Sasa nieleze kweli kweli. Tangu Februari ulikuwa unafanya nini?" Akasema, "Hakuna." Nikamwambia, "Mama yako alipopooza, nani alikuwa naye?" Akasema ni yeye, miezi minne, alikuwa anamgeuza, anamlisha, anamleta kliniki. Nikaandika. "Na Jumamosi hapa kanisani?" Kumbe tangu Machi alikuwa anawafundisha vijana wetu kompyuta, zile mbili za zamani za kanisa, kila Jumamosi isipokuwa alipokuwa na mama. Nikaandika. "Na duka la dawa la yule dada wa kwaya?" Akasema hiyo si kazi, ni kibarua tu, siku mbili kwa wiki, kuingiza hesabu ya dawa kwenye kompyuta. Nikaandika.

Ukurasa ulijaa. Alikuwa akisema hakuna kwa sababu hakuna hata kimoja kilicholeta karatasi ya mshahara. Na mimi mchungaji wake nilikuwa nimemwandikia uongo wakati ukweli ulikuwa unafundisha vijana wangu kila Jumamosi, mita kumi kutoka kwenye dawati langu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Barua ya pili nimeandika. Inasema amejitolea kufundisha kompyuta katika kanisa letu tangu Machi 2025, siku za Jumamosi, bila malipo. Haina cheo. Dada wa Nairobi mwingine akipiga, simu yangu itakuwa na mtandao.

Na kwenye mahojiano sasa anajibu hivi, tumefanya mazoezi mbele ya mke wangu ambaye hana huruma: "Mradi wetu ulisimama Februari 2025 ufadhili ulipokatwa. Tangu hapo nimemuuguza mama aliyepata kiharusi, sasa ana nafuu. Nimefanya kibarua cha kuingiza data kwenye duka la dawa. Na Jumamosi nafundisha vijana kompyuta." Halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda mwanzoni. Mtu mwenye aibu hawezi kunyamaza, ataendelea kueleza mpaka ajifunge. Wale wa Mathayo walisema sentensi yao wakanyamaza. Na wewe usianze kuwasema waliokuachisha, hata kama walikutendea vibaya. Anayekuhoji hajui mambo yenu. Anachosikia ni jinsi utakavyomsema yeye siku moja.

Jambo moja la karatasi, maana nimeona wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoacha kazi, kinachoonyesha ulianza lini, ukaacha lini, na ulifanya kazi gani. Halazimishwi kukusifu, lakini hicho cheti ni chako, hata kama mliachana vibaya. Kiombe kwa maandishi mapema kabla ofisi haijafungwa na watu hawajatawanyika. Na kama nafasi yako iliondolewa, soma kifungu cha 40: kuna notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Wenye mikataba ya muda, someni mkataba, kisha nendeni mkamwone afisa wa leba. Msije kwangu niwaombee kitu ambacho sheria imeshawapa. Na mtu akikuambia utume pesa kidogo kwa simu ndipo jina lako lipite, huyo ni mwizi, hata akianza na "shalom".

Tuje kwa Yusufu kidogo. Aliuzwa akiwa na miaka kumi na saba, akasimama mbele ya Farao akiwa na thelathini. Piga hesabu: miaka kumi na mitatu. Ukimwandikia Yusufu wasifu, utaweka nini hapo? Mtumwa, kisha mfungwa. Angalieni Mwanzo 40. Alipomfasiria mnyweshaji ndoto, alimwomba kitu: ukitoka, nitaje kwa Farao. Na akamweleza hali yake kwa ukweli, kwamba alichukuliwa kwa nguvu kutoka nchi ya Waebrania na hakufanya kosa la kumtia shimoni. Kwa hivyo wewe unayeona ni kukosa imani kumwomba rafiki wa zamani akutaje mahali, Yusufu aliomba. Na yule rafiki akamsahau miaka miwili mizima. Kuna watu hapa waliowafunza kazi wenzao, leo wakiwaandikia meseji wanaona zile alama mbili za buluu na hakuna jibu. Inauma. Yusufu naye aliumwa. Lakini siku ilipofika na wakamwita haraka, Biblia inasema alinyoa na kubadilisha nguo. Alikuwa na nguo za kubadilisha. Weka vyeti vyako mahali pamoja. Cheti cha tabia njema kisiwe kimepitwa na wakati. Chaji simu.

Sasa ninyi wa alfajiri, mliopatana dinari yenu mapema na mshahara unaingia kila mwezi. Sikuwasahau. Katika ile hadithi wanaokuja kuharibu jioni ni ninyi, na mimi pamoja nanyi. Sisi tuliochomwa na jua tunadhani tumestahili. Mtu akikosa kazi tunampunguzia heshima polepole bila hata kukubaliana. Nimeangalia orodha za kanisa hili. Ndugu watatu walioachishwa mwaka jana walikuwa kwenye kamati, na kabla mwaka haujaisha hakuna hata mmoja aliyekuwa bado anaitwa kwenye vikao. Hakuna mtu aliyewafukuza. Tuliacha tu kuwapigia simu, eti tusiwasumbue. Na zile harambee zetu za kusoma majina na kiasi mbele ya watu! Mama mmoja aliniambia hakuja kanisani majuma sita kwa sababu hakuwa na shilingi mia mbili na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Majuma sita. Nilimwomba msamaha, na orodha hiyo haitasomwa tena nikiwa mchungaji hapa. Mweka hazina amekasirika kidogo, tutaombeana.

Mkikutana na ndugu asiye na kazi, msimwulize "uko wapi siku hizi?" Mwulizeni anatafuta kazi ya aina gani, kisha mfungue simu zenu muangalie mnamjua nani. Yule mwenye shamba aliuliza swali gumu, ni kweli, lakini alikuwa na shamba nyuma yake. Kama huna shamba, basi acha swali.

Ndugu yangu bado anatafuta. Wiki iliyopita alikwenda mahojiano mahali hapa hapa mjini, akaulizwa lile swali, akajibu zile sentensi, akanyamaza. Anasema yule aliyemhoji aliuliza juu ya mama yake, anaendeleaje. Wamesema watapiga simu. Tunangoja pamoja naye.

Kuanzia Jumanne hii, saa kumi na moja jioni, kutakuwa na meza mbili nyuma ya kanisa. Saa hiyo nimeichagua makusudi. Njoo na vyeti ulivyo navyo na daftari. Yeye mwenyewe atakuwa kwenye meza ya kompyuta, na dada mmoja aliyekuwa afisa wa kuajiri kwa miaka mingi, naye sasa hana kazi, atakuwa kwenye meza ya pili kuwauliza maswali magumu. Chai ipo. Mtu yeyote anayeajiri, hata kama ni wa kuosha vyombo siku mbili, alete habari hiyo iandikwe ubaoni. Mkihitaji barua kutoka kwangu nitaandika, ila nitauliza kwanza. Muhuri haukai tena kwenye droo yangu. Uko kwa katibu, na barua haitoki bila watu wawili kuisoma.

Tuombe. Baba, unawajua walioamka leo bila mahali pa kwenda. Unajua kodi zao na majina ya watoto wao. Tusamehe sisi tuliowaaibisha, na mimi niliyemwandikia mtoto wako uongo. Wapeleke shambani kwako, hata kama ni saa kumi na moja. Katika jina la Yesu, amina.